Mrejesho wa sauti katika upasuaji wa roboti ni nini?

Anayepasua kwa roboti hasimami juu ya mgonjwa. Amekaa pembeni, macho kwenye picha iliyokuzwa, vidole kwenye vishikio vinavyoongoza mikono ya mashine. Anaona vizuri kabisa, ila hagusi. Roboti ya da Vinci iliruhusiwa Marekani mwaka 2000, na matoleo yake ya miaka mingi hayakumrudishia mpasuaji hisia ya nguvu anayotumia. Vyombo vya kuhisi nguvu vilikuja na da Vinci 5, mwaka 2024.

Mrejesho wa sauti huliziba pengo hilo kwa kupitia masikioni: kipimo fulani, mara nyingi nguvu ya kuvuta au umbali, hugeuzwa mlio unaopanda na kushuka pamoja nacho.

Chukua kufunga fundo. Uzi ukivutwa kidogo, fundo hulegea na damu ikavuja. Ukivutwa mno, hukatika au huchana nyama. Mkono ungeuhisi uzi ukikaza. Kwenye roboti mtu hukisia kwa macho: uzi umenyooka? Nyama imepauka? Ukiwepo mlio, huanza mzito, hupanda wembamba kadiri uzi unavyokaza, kisha hubadilika ghafla kiwango kilichowekwa kikifika. Macho hayabanduki kwenye fundo, jambo ambalo namba pembeni ya skrini haiwezi kukupa. Thieta, yaani vyumba vya upasuaji, zina mazoea hayo tangu zamani: mlio wa oksimita, kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, ukizama, mtaalamu wa usingizi anajua oksijeni inashuka kabla hajatazama namba.

Kazi ngumu iko kwenye kupima. Kihisi, yaani kifaa kinachopima nguvu, kikikaa kwenye shina la chombo, nje ya mwili, hupima pia msuguano wa pale chombo kinapopenya ukuta wa tumbo, na mlio utapanda hata uzi ukiwa umelegea. Kikikaa kwenye ncha, lazima kiwe kidogo sana na kistahimili kutakaswa kwa mvuke wa nyuzi joto 134. Kukadiria kutoka kwenye mota ni rahisi zaidi, lakini nyaya zinazovuta ncha husuguana ndani ya shina na kuharibu hesabu.

Halafu thieta yenyewe ina kelele: mashine ya kufyonza, ya kuchoma mishipa, kengele za kila namna. Ndiyo maana ukubwa wa sauti haufai kubeba kipimo. Afadhali wembamba wake, au kasi ya vidoko, kama gari linaporudi nyuma kuelekea ukuta. Na mlio usiokatika, baada ya nusu saa hakuna anayeusikia. Unyamaze mpaka nguvu ikaribie mpaka.