Je, wajua kwa nini saratani kali ya limfu bado hutibiwa kwa dawa za miaka ya 1970?

Mtu mzima akigundulika na limfoma (saratani ya limfu) ya seli B kubwa, inayotokana na seli B, aina ya chembe nyeupe za damu, na ambayo ndiyo limfoma kali inayowapata watu wazima wengi kuliko nyingine, kwa kawaida madaktari huanza na mchanganyiko uitwao CHOP, siku hizi ukiongezewa dawa ya tano. CHOP ni ya miaka ya 1970. Wagonjwa wengi wakisikia hivyo hushtuka: ina maana tangu wakati ule hakuna aliyepata kilicho bora zaidi? Walijaribu, tena sana.

Tuanze na sababu ya kuchanganya. Uvimbe huwa na mabilioni ya seli, na hazifanani zote. Dawa moja inaweza kuua nyingi, uvimbe ukanywea na mgonjwa akapata nafuu, kisha zile chache zilizoihimili zikazaana upya. Dawa zinazoshambulia kwa njia tofauti huacha seli chache za kunusurika. CHOP ina dawa nne. Siklofosfamaidi, yenye asili katika utafiti wa gesi ya sumu ya vita, huharibu DNA. Doksorubisini, ile dawa nyekundu ambayo mgonjwa huiona ikiingia kwenye mshipa, ilitokana na bakteria wa udongoni. Vinkristini hutoka kwenye vinka, ua dogo la waridi au jeupe lenye asili ya Madagaska, ambalo pwani yetu hupandwa uani kama pambo tu. Hiyo huzuia seli kugawanyika. Ya nne, predinisoloni, ni vidonge vya siku 5. Kisha mwili hupumzishwa, na dozi hurudiwa kila baada ya siku 21.

Madhara nayo yanatofautiana. Siklofosfamaidi hushusha chembe nyeupe za damu na inaweza kuumiza kibofu, ndiyo maana mgonjwa huhimizwa kunywa maji mengi. Doksorubisini hulemea moyo. Vinkristini hugusa neva: vidole hufa ganzi, hata kufunga vifungo vya shati huwa kazi. Kama zote zingeumiza kiungo kimoja, hakuna ambaye angestahimili kupewa zote nne.

CHOP iliponya takriban asilimia 30 ya wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa umeshaenea. Basi miaka ya 1980 watafiti wakaongeza dawa hadi sita, hadi nane: m-BACOD, MACOP-B, ProMACE-CytaBOM. Hospitali mojamoja zilizozijaribu zikatoa taarifa za kutia moyo mno, kwamba huenda asilimia 55 hadi 65 wangepona.

Lakini wagonjwa wale walikuwa wakilinganishwa na nani? Na wagonjwa wa CHOP wa miaka ya nyuma, waliotibiwa kwingine. Hospitali kubwa ya utafiti huwapata zaidi wenye umri mdogo na nguvu za kusafiri. Aliye hoi kitandani hafiki. Hapo dawa inaweza kupewa sifa ambayo kwa kweli ni ya mwili wa mgonjwa.

Njia ya haki ilikuwa moja: wagonjwa wapya, ambao hawajatibiwa bado, wagawanywe kwa bahati nasibu kati ya michanganyiko yote minne. Ndivyo ilivyofanyika Marekani kwa wagonjwa 899, na matokeo yakachapishwa mwaka 1993. Baada ya miaka mitatu waliokuwa hai walikuwa asilimia 54 kwa CHOP, 52 kwa m-BACOD, na 50 kwa kila mmoja wa michanganyiko miwili iliyobaki. Kitakwimu hakuna tofauti. Waliouawa na makali ya dawa zenyewe walikuwa asilimia 1 kwa CHOP, 3 kwa ProMACE-CytaBOM, 5 kwa m-BACOD na 6 kwa MACOP-B. Kwangu mimi, hili ni kati ya majaribio muhimu kabisa katika tiba ya saratani, ingawa halikuleta dawa yoyote mpya. Liliwaepusha wagonjwa wasiohesabika na mateso yasiyo na faida.

Hatua iliyofuata ilitoka Ufaransa. Mwaka 2002 watafiti walitangaza jaribio la wagonjwa 399 wa miaka 60 hadi 80: nusu walipewa CHOP peke yake, nusu CHOP pamoja na rituksimabi, kingamwili inayonasa alama ya CD20 iliyo juu ya seli B. Baada ya miaka miwili walio hai walikuwa asilimia 57 dhidi ya 70. Safari hii nyongeza ilisaidia kweli, kwa kuwa inaua kwa njia ambayo zile nne hazina, na haiongezi sana mzigo wa madhara.

Rituksimabi iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO mwaka 2015, lakini bei yake bado inawashinda wagonjwa wengi wa kwetu. Anayeambiwa ataanza na CHOP peke yake asidhani amepewa tiba ya kumridhisha tu. Amekosa nyongeza yenye thamani, na ana haki ya kuiulizia, ila hizo nne alizoandikiwa zimeshaponya watu bila hiyo, na zinafaa zianzwe bila kuchelewa.