Picha ya mgongo inatisha, ila haisemi yote

Mteja akiingia na bahasha ya MRI, ile picha ya ndani ya mgongo, kwapani najua siku hiyo tutaongea sana kabla hajapanda kitandani. Mimi ni mtu wa fiziotherapia hapa Dar na wengi ninaowaona ni wa mgongo, kuna bodaboda, kuna wamama wa sokoni, kuna watu wa ofisi za Posta wanaoshinda kwenye kompyuta halafu wanasimama kwenye daladala mpaka Gongo la Mboto. Wengi wameshaambiwa pingili zimesagika. Akishaambiwa hivyo basi tena, hainami, habebi kitu, mkanda anavaa mpaka kulala, kwa sababu kila ukiuma anaona mifupa inazidi kusagana huko ndani.

Sasa sikia hii. Mwaka 2015 ulitoka uchambuzi uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 3,000 ambao migongo yao haiumi kabisa. Kwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa, yaani vile vimto laini vya katikati ya pingili, wenye miaka 80 ni asilimia 96! Na hawaumwi. Kwahiyo picha ina kazi yake, ila peke yake haiwezi kukwambia kwanini wewe unaumwa na jirani yako mwenye diski kama zako anacheza mpira.

Mishipa ya fahamu inapeleka taarifa za hatari, ubongo unazipima pamoja na vitu vingine kibao, umelala vipi, una hofu gani, kodi ya nyumba imelipwa au bado, ndipo unaamua uumie kiasi gani. Maumivu yakipita miezi 3 tunayaita sugu, na mfumo unakuwa kama mlinzi wa geti aliyewahi kuibiwa, hata paka akipita anapiga filimbi. Hapo lazima niseme haraka maana watu wanatoka wanasema "dokta kasema ni mawazo tu". Hapana jamani. Filimbi inalia kweli na unaumwa kweli, ila haimaanishi kuna mwizi kila ikilia.

Uti wa mgongo nao una sehemu ya kupunguza au kuongeza hizo taarifa, watafiti wawili wa maumivu, Melzack na Wall, waliandika hilo mwaka 1965. Ndo maana ukigonga kidole cha mguu kwenye stuli unakisugua na unapata nafuu, na ndo maana kuchuliwa kunasaidia, japo kwa muda.

Kazi kubwa ni kurudi kwenye mwendo. Kuna mama mmoja muuza mitumba, siku akiamka vizuri anafua nguo za nyumba nzima, kainama kwenye beseni asubuhi mpaka adhuhuri, halafu siku zinazofuata hanyanyuki. Hii naiona kila wakati. Tukatafuta muda anaoweza kuinama bila kuja kulipia kesho yake, ikawa kama dakika 10, nikamwambia fua dakika 8 upumzike, siku nzuri 8, siku mbaya 8, tukawa tunaongeza kidogo kidogo. Alikasirika, akaniuliza "sasa dokta, nguo nyingine atafua nani?" Swali la haki kabisa, na mabinti zake wakaitwa kwenye kikao kijacho. Siku maumivu yakipanda tunapunguza dozi ya mazoezi, hatuachi.

Dawa za duka la dawa muhimu, zile diclofenac za kutuliza maumivu watu wanazomeza kila siku kama karanga, zinaweza kukuletea vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Sema ukweli unameza ngapi, sitakugombeza.

Ila ukiona mkojo au choo kinatoka bila kujijua au mkojo umegoma kutoka, ganzi sehemu za siri, miguu inaishiwa nguvu, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda bila sababu pamoja na mgongo, nenda kapime mapema, kifua kikuu huwa kinaingia mpaka kwenye pingili. Mazoezi yangu yatasubiri.