Roma haikufa mwaka 476

Nimesahihisha tena lundo la mitihani, na sentensi ni ileile: "Dola ya Roma ilianguka mwaka 476." Wanafunzi siwalaumu, wamekaririshwa. Lakini nimechoka, na leo naandika.

Mwaka ule Odoacer, kamanda wa askari wa kigeni nchini Italia, alimwondoa Romulus Augustulus, kijana aliyewekwa kitini na baba yake mwaka mmoja tu kabla. Hakumuua, alimpa posho akaishi Campania. Seneti ikatuma wajumbe Konstantinopoli, mji mkuu wa nusu ya mashariki ya dola, kwa Kaisari Zeno aliyeitawala: mtawala mmoja anatosha. Nembo za enzi zikapelekwa huko. Tena Julius Nepos, ambaye Zeno alimtambua kuwa Kaisari halali wa magharibi, alikuwa hai Dalmatia, ng'ambo ya bahari kutoka Italia, mpaka alipouawa mwaka 480! Hapo kilichoanguka ni nini hasa?

Kisha watu haohao husifu sheria za Kirumi. Zilikusanywa na wanasheria wa Kaisari Justinian, huko huko Konstantinopoli, kati ya 529 na 534. Kupitia mkusanyo huo zikafundishwa Bologna, Italia, zikaenea Ulaya, na kupitia Waholanzi zikafika Afrika Kusini. Maiti haikusanyi sheria.

Na sisi Waswahili tuna sababu ndogo zaidi ya kukosea. Sura ya 30 ya Kurani, Ar-Rum, inataja Warumi walioshindwa na Waajemi katika karne ya 7. Kaisari wao alikuwa Heraclius, yule Herekali ambaye mshairi wa Pate alimtungia utenzi mwaka 1728.

Sitaki kudanganya kwamba magharibi hakukuvunjika kitu. Kulivunjika vibaya. Wavandali, kabila la Kijerumani, walipoiteka Carthage, mji mkuu wa Afrika ya Kirumi, mwaka 439, Roma ilipoteza nafaka na kodi za Afrika, na jeshi lisilolipwa halidumu. Nikilazimishwa kutaja tarehe ya magharibi, nitataja hiyo, ingawa nitaitaja kwa kusita, maana dola haifi kwa siku moja. Kinachonisumbua zaidi ni mwaka 1204, askari wa Msalaba kutoka Ulaya magharibi walipoiteka Konstantinopoli. Utawala wa Kirumi uliorejea mjini 1261 ulikuwa dola bado, au mji tu wenye asili tukufu? Jibu langu hubadilika kila nikisoma upya.

Hata hivyo Constantine XI alipouawa tarehe 29 Mei 1453, alikuwa Kaisari wa Warumi, na Mehmed II, sultani wa Waosmani aliyemshinda, alilitwaa jina hilohilo: Kaisari wa Rumi.