Je, Tabia ya Kuhamahama Kazi Hurithiwa?

Wapo watu wanaokaa na mwajiri mmoja hadi wanastaafu, na wapo ambao kila baada ya mwaka au miwili huandika barua ya kuacha kazi, hata pale mshahara unaporidhisha na mkuu wao hana neno. Kwa kawaida tofauti hiyo huelezwa kwa hali ya soko la ajira, elimu au malezi. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi.

Ushahidi mzito zaidi kwamba urithi nao unachangia unatoka kwa mapacha. Waliotokana na yai moja wana vinasaba vinavyokaribia kuwa sawa kabisa, ilhali wa mayai mawili hawafanani kivinasaba zaidi ya wanavyofanana ndugu wengine wa baba na mama mmoja. Ikiwa mapacha wa yai moja wanakaribiana zaidi katika historia zao za kazi kuliko wale wa mayai mawili, ingawa kila jozi imelelewa katika nyumba moja, basi urithi unahusika. Utafiti wa aina hiyo uliochapishwa mwaka 1997 ulikadiria kuwa vinasaba vilieleza takribani asilimia 36 ya tofauti baina ya watu katika kubadili kazi, na asilimia 26 katika kubadili taaluma.

Takwimu hizi husomwa vibaya mara nyingi, hata na wasomi. Asilimia 36 haimaanishi kwamba theluthi ya uamuzi wako wa kuacha kazi imo damuni. Inahusu tofauti zilizomo ndani ya kundi lililochunguzwa, na mazingira yakibadilika nayo hubadilika. Ajira zinapoadimika, hata mwenye kiu ya mambo mapya hung'ang'ania alipo.

Wala hakuna jeni ya kuacha kazi. Kinachorithiwa ni mwelekeo wa haiba, kama vile wepesi wa kuchoshwa na mazoea au ujasiri wa kujaribu, na mwelekeo huo hujengwa na jeni nyingi mno, kila moja ikichangia kidogo sana. Mwaka 1996 jeni ya DRD4, inayohusika na dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni, ilihusishwa na kupenda mambo mapya, lakini tafiti nyingi za baadaye zilishindwa kuthibitisha hilo. Kwa hiyo mwajiri anayetarajia kipimo cha vinasaba kimwonyeshe nani hatadumu kazini anajidanganya; na nchini Marekani, akiwa na wafanyakazi 15 au zaidi, sheria ya mwaka 2008 inamkataza kutumia taarifa hizo katika kuajiri, kupandisha cheo au kufukuza.