Anaona ujumbe kwenye namba za magari: maswali na majibu

Naona sura ya mtu kwenye doa la ukutani. Je, naumwa?

Hapana. Ubongo una sehemu maalumu ya kutambua sura, nayo huona macho na mdomo hata pasipo na mtu. Mwaka 1976 chombo cha anga cha Viking 1 kilipiga picha ya kilima katika sayari ya Mars, watu wakaona uso. Kumbe ni mwanga na kivuli. Maadamu unajua hilo ni doa tu, endelea na shughuli zako.

Ugonjwa unaanza wapi?

Pale mtu anapoamini alama zinamsemesha yeye binafsi. Kijana anajaza daftari zima namba za magari yaliyopita mbele ya nyumba, akiamini kila moja imemletea ujumbe. Mtangazaji wa redio anamsema yeye. Mkimweleza, anawaona nanyi ni maadui. Halali, haogi, anajibizana na sauti msizozisikia. Daktari Mjerumani Klaus Conrad alieleza hali hii mwaka 1958 kuwa ni mwanzo wa skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mara nyingi huwapata vijana. Bangi huongeza hatari, na anayeendelea kuivuta huchelewa kupona.

Wazee wanasema ana mapepo. Tuanze kwa mganga?

Hapana. Mleteni hospitali leo. Naletewa wagonjwa wenye chale mbichi kifuani na vidonda vya kamba mikononi, wamezungushwa kwa waganga miezi mingi, mbuzi na shamba vimeuzwa, na hakuna aliyewahi kuwapa hata kidonge kimoja. Mkitaka kumwombea, mwombeeni, dua haigombani na dawa. Ila msimnyime chakula eti anafungishwa, wala msimfunge kamba.

Tukisubiri kidogo, huenda akatulia?

Msisubiri. Ugonjwa huu ukikaa muda mrefu bila tiba, kupona huwa kugumu zaidi, na shule au kazi vinampita. Kutulia kwa siku mbili si kupona. Msisubiri mavuno, msisubiri mjomba arudi safari, msisubiri mpaka apige mtu.

Na kama amechanganyikiwa ghafla, ana homa?

Hiyo ni dharura. Inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, na zote huua haraka. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Hapa ndipo safari ya kwa mganga inapogeuka msiba.

Amepata nafuu. Aache dawa?

Asiache mwenyewe. Wengi wanaorudi wakiwa na hali mbaya waliacha walipojisikia wazima. Dawa ikimlaza sana, ikimkakamaza shingo au kumtetemesha mikono, mrudisheni kliniki tupunguze dozi au tubadilishe dawa. Aje na ndugu anayeishi naye, kwa sababu yeye ndiye anayejua kama mgonjwa analala na kama vidonge vinamezwa.