Mrunda mrefu hushindwa kwa kupinda

Kwenye ujenzi Bagamoyo utasikia: mrunda, yaani nguzo ya mti ya kubeba mzigo, ukiwa mti mgumu, urefu si hoja. Hata mimi niliamini. Kumbe mrunda mwembamba huchomoka ubavuni kwa kupinda, mti wenyewe ukiwa bado haujafikia kikomo cha nguvu zake.

Mwanahisabati Leonhard Euler alilipigia hesabu jambo hili katika karne ya 18. Urefu ukiongezeka mara 2, mzigo wa kuupinda hushuka hadi robo. Kipenyo kikiongezeka mara 2, hupanda mara 16. Kinachohesabiwa ni ukakamavu, yaani ugumu wa kupindika, si nguvu, kwa hiyo hata kubadili chuma cha kawaida kwa chuma chenye nguvu zaidi hakuokoi nguzo nyembamba.

Funga mbao za kuuzuia katikati ya urefu, kwa mielekeo yote miwili inayokatana, mrunda uleule utahimili mzigo mara 4 kabla ya kupinda.