Kuuzunguka uwanda wa Makonde kwa Coaster: siku tatu, pandisho moja

Vikundi vingi vinavyoniomba ratiba ya wikiendi ndefu huja na orodha: Kilwa Kisiwani, Msimbati, Lindi mjini, Masasi, Newala, vyote ndani ya siku tatu. Huwa nawaambia wachague upande mmoja. Kilwa peke yake, ukihesabu kibali, boti na kusubiri maji yajae, inakula siku nzima. Kwa marafiki wanaotaka kukaa dirishani na kutazama mabonde, miamba na mikorosho, mimi hupanga mzunguko wa uwanda wa Makonde: Mtwara, Mnazi Mmoja (njia panda ya Lindi na Masasi), Ndanda, Masasi, halafu Newala na Tandahimba hadi Mtwara tena. Ni kama kilomita 410.

Ukikosea mwelekeo umeiharibu safari kabla haijaanza. Uwanda huu umeinama kuelekea baharini. Upande wa Mtwara unapanda polepole hata usijue kama unapanda. Upande wa magharibi unakatika ghafla kama ukuta. Kikundi kinachoanzia Tandahimba kitauteremka ukuta ule na gari lililojaa, na breki zikishapata moto hupungua nguvu pale pale zinapotakiwa. Ukianzia Mnazi Mmoja unaupanda mara moja tu, asubuhi, kisha unarudi nyumbani kwa mteremko mpole.

Gari: Coaster ya viti 29, abiria wasizidi 22. Viti vya kukunja vya katikati viacheni vimekunjwa, na mabegi yawe madogo, maana buti ya gari hili ni ndogo. Kabla ya kulipa kishika nafasi, ombeni kuona kibali cha LATRA (mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini) cha safari ya kukodi, bima, na leseni ya dereva ya daraja C1 au C. Mkataba uandikwe nani analipa pancha, nani analipa chakula na malazi ya dereva, na saa ngapi dereva anapumzika. Ugomvi mwingi wa safari za kukodi hutokana na hayo matatu, hasa posho ya dereva. Akilala garini kwa kukosa hela ya gesti, kesho yake ninyi ndio mtakaoendeshwa na mtu mwenye usingizi.

Mafuta: pamoja na vijisafari vya pembeni hesabuni kilomita 470. Kwa lita moja kila kilomita 6 ni lita 78. Ongezeni kwa ajili ya barabara ya vumbi na pandisho, wekeni bajeti ya lita 90. Tangi lijazwe Masasi hata kama halijafika nusu.

Muda ndio huwaponyoka wengi. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na penye makazi ni 50, tena vijiji vya njia hii vimefuatana. Mimi hukadiria kilomita 45 kwa saa kwenye lami na 25 kwenye vumbi. Watu 22 wakishuka kuchimba dawa ni dakika 20, dereva aseme tano asiseme tano.

Siku ya kwanza ondokeni saa 12:30 asubuhi. Mikindani, na boma lake la Wajerumani la 1895, msisimame. Ni kilomita kumi hivi kutoka mjini, mtaifikia Jumapili yoyote. Mpaka hapo bahari iko kulia. Mkishakata kona ya Mnazi Mmoja kuelekea Masasi, mambo yote yako kushoto: ukingo wa Makonde unawafuata kupitia Mtama na Nyangao, na bonde la Lukuledi chini yake. Badilishaneni viti hapo. Ndanda, kwenye abasia (nyumba ya watawa) ya Wabenediktini iliyoanza 1906, ombeni ruhusa mapokezi kabla ya kuzunguka. Chakula cha mchana kiagizeni kwa simu asubuhi. Mama lishe akishtukiziwa watu 22, mtasubiri saa nzima na nusu. Lala Masasi.

Siku ya pili alfajiri ni ya miamba ya Masasi. Pitieni ofisi ya mtaa jana yake mpate mtu wa kuwaongoza, na mshuke kabla ya saa 3, kwa sababu jiwe likipata jua linachoma. Saa 4 anzeni kupanda kwenda Newala, kiyoyozi kikiwa kimezimwa ili injini isichemke.

Juu kule mito hakuna. Ardhi ni mchanga. Mvua inazama na kwenda kutokea chini ya ukingo kama chemchemi. Maji ya Newala ni ya kupandishwa kwa mitambo, hivyo msiende kuyategemea. Nunueni Masasi: lita 3 kwa mtu kwa siku, pamoja na madumu mawili ya rejeta na kunawa.

Mchanga huohuo ndio unaonasa magari wakati wa kiangazi. Tairi likizunguka bila gari kusogea, dereva aachie mafuta hapo hapo, maana kila mzunguko unalishusha gari mpaka ekseli ilale. Abiria washuke wote. Chimbueni mchanga mbele ya magurudumu ya nyuma, tandikeni mbao mbili za mita moja, punguzeni upepo hadi theluthi mbili, kisha dereva aondoke taratibu kwa gia ya pili huku mkisukuma. Pampu ya upepo ni lazima muwe nayo.

Jioni nendeni Shimo la Mungu, ukingoni mwa mji, mtazame bonde la Ruvuma. Msitegemee uzio, na bebeni sweta, hasa Julai.

Tarehe nzuri ni Saba Saba na Nane Nane. Pasaka na Muungano mvua huwa bado inanyesha, na michepuko ya ujenzi inageuka tope. Juni hadi Agosti mikorosho inapulizwa salfa alfajiri. Mwenye pumu akae mbali na dirisha. Oktoba wageni wa minada ya korosho hujaza gesti, wekeni nafasi mapema.

Siku ya tatu tokeni Newala saa 2. Tandahimba mkikuta ming'oko (viazi pori) imechemshwa, nunueni na chumvi na pilipili yake, chakula cha njiani kimepatikana. Mnivata, ambako lami ya kilomita 50 hadi Mtwara inaanzia, simamisheni gari: jazeni upepo tena, kwani tairi laini hupata joto kwenye lami na kupasuka, na utingo akaze nati za magurudumu yote. Matuta ya barabara ya vumbi huzilegeza.